Masimulizi ya Wazee na Suala la Uchapaji

Ukoloni ulitufundisha kwamba kisichoandikwa si historia. Huko Ukerewe, Aniceti Kitereza aliyakataa mafundisho hayo kwa vitendo: aliandika kwa Kikerewe riwaya iliyohifadhi mila na lugha ya wazee wake, akaimaliza 1945. Hakupata mchapishaji. Ilimbidi aitafsiri mwenyewe, uzeeni, kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaitoa 1980, naye akafariki 1981.

Tusijidanganye, ndugu. Katika miaka hiyo 35, 16 ilikuwa ya mkoloni. 19 ni yetu wenyewe. Kiswahili kilistahili kupewa nafasi, hilo hatulijutii. Lakini kukusanya masimulizi bila kuimiliki mitambo ya kupigia chapa ni kuyahamisha tu, kutoka kinywani mwa mzee hadi kabatini. Na Kikerewe, alichotaka kukiokoa, ndicho kilichoachwa nje ya kitabu.