Gharama ya Kungoja: Mikoko ya Pwani na Riziki ya Wenyeji Wake

Mgeni aingiaye katika majumba ya kale ya Lamu aghalabu hustaajabia vyumba vyake, virefu kama ujia na vyembamba kuliko alivyotazamia katika nyumba ya mtu mwenye mali. Na yamkini hatajua, asipoinua macho darini, kwamba upana ule haukuamuliwa na mwashi wala na tajiri aliyemlipa, bali uliamuliwa na mti. Dari ile ya mawe na chokaa imebebwa na boriti za mkoko zilizolazwa sambamba kutoka ukuta hata ukuta, na kwa kuwa boriti haiaminiki kubeba uzito kama ule ikivuka nafasi ya mita 3 hivi, mwenye fedha nyingi alijenga chumba kirefu zaidi, wala hakuweza kujenga kipana zaidi.

Mti huo huo ulikuwa shehena ya majahazi. Kwa karne nyingi vyombo vya Uarabuni na Ghuba vilikuja na kaskazi vimepakia tende, vikarejea na kusi vimejaa boriti, kwani nchi zile zilikuwa na mawe na udongo tele, ila hazikuwa na mti wa kubebea dari. Na huko mikokoni mkataji hana jina moja tu la mti aliouangusha: ulio mwembamba ni fito, unaofuata ni pau, kisha mazio, kisha boriti, na ulio mnene ni nguzo, na yote huhesabiwa kwa korija, miti 20 kwa korija moja. Nayataja majina haya kwa makusudi, kwa sababu ni majina ya umri. Fito zina kazi yake katika kuta za udongo, sikatai. Lakini kwa mwenye kuutazama msitu kwa miaka mingi, pau ni boriti isiyongojwa, na fito ni pau isiyongojwa.

Wanaoandika juu ya hifadhi ya viumbe na maisha ya watu hupenda sana mfano wa mizani: upande huu miti na ndege na samaki, upande ule binadamu na haja zake, na mtawala mwadilifu amesimama katikati akipunguza huku na kuongeza kule. Nionavyo mimi, mfano huo umetupoteza. Mvuvi wa Gazi au wa Kilwa hahitaji kuelezwa kwamba kamba na kaa koko hukulia katika mizizi ya mkoko, wala kwamba ukingo uliokatwa mikoko huliwa na bahari. Hayo aliyajua kabla ya wataalamu kuja na daftari zao. Mtu huyu hana uadui na mti. Lililo baina yao ni wakati, kwa maana manufaa makubwa ya msitu huja polepole, ilhali njaa huja jioni ya leo. Basi suala lenyewe ni nani awezaye kungoja, na asiyeweza, nani amlipie gharama ya kungoja kwake.

Na kungoja huko kunapimika. Katika ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, msitu uliokuwa umefyekwa kwa kuni za viwandani katika miaka ya 1970 ulianza kupandwa upya mwaka 1991 na watafiti wa taasisi ya serikali ya Kenya ishughulikayo na mambo ya bahari na uvuvi. Mikoko yao ilipotimiza miaka 12 ilipimwa, ikaonekana kuwa na urefu wa wastani wa mita 8.4 na unene wa wastani wa sentimita 6.2. Msomaji na aitazame hesabu hiyo kwa jicho la mkataji. Miaka 12 kamili, umri wa mtoto kuzaliwa mpaka akakaribia kumaliza shule ya msingi, na mti bado ni pau! Boriti, ambayo unene wake hupita sentimita 11, ingali mbali. Na nguzo huenda akaikata mwana wa mkataji. Ni mtu gani, asiye na mshahara wala shamba wala akiba, atakayeambiwa auache mti huo usimame, naye akatii kwa moyo mkunjufu?

Sheria zetu, tangu enzi za wakoloni, zimelijibu swali hili kwa kutolitazama. Wajerumani waliitia mikoko ya delta ya Rufiji, katika Tanzania ya leo, chini ya hifadhi mwaka 1898. Waingereza wakaitangaza mikoko yote ya Kenya kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi. Sisemi kwamba amri hizo zote zilikuwa batili, kwani haja ya Ghuba peke yake ingeweza kuimaliza mikoko ya Lamu. Lakini tazama yaliyotokea Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma kwa siku 90, na muda huo ukaongezwa. Amri ile ilitungwa kwa kuitazama misitu ya milimani na mito iliyokuwa ikikauka, lakini ikamkuta pia mkataji wa Lamu ndani ya mashua yake. Mtu aliyekuwa na leseni juzi akawa mhalifu leo, pasipo kuulizwa wala kupewa kazi badala yake. Na mtu ambaye haki yake ya kukata imeondolewa amepoteza pia sababu ya kumzuia mwingine asikate. Zamani alipomwona mgeni akiangusha mti mchanga, alimwona mwizi wa boriti yake ya kesho. Chini ya amri ile wote wawili walikuwa wezi mbele ya sheria, na aliyetangulia usiku ndiye aliyepata.

Huko Rufiji mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kinachouondoa mkoko ni mpunga. Mafuriko ya mwaka 1978 yalielekeza maji mengi ya mto upande wa kaskazini wa delta, chumvi ikapungua, na matope ya mikokoni yakafaa kwa kilimo. Mkulima huambua ganda la mti kuuzunguka, akauacha ufe umesimama, akapanda mpunga chini yake. Baada ya miaka michache magugu na kaa wanaokata miche humshinda, naye husogea mbele kufungua shamba jingine. Wakulima hao wameamriwa zaidi ya mara moja waondoke. Lakini waende wapi na chakula gani? Asiye na jibu la swali hilo hakustahili kutoa amri.

Sasa turejee Gazi, kwa maana pale pamejaribiwa jambo lililo karibu na insafu. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na jirani zao wa Makongeni wanatunza hekta 117 za mikoko kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, nao hulipwa na wanunuzi wa mbali kwa hewa ya ukaa ambayo miti ile, na zaidi matope yaliyo chini yake, huizuia isipande angani. Maji ya bamvu yanapokupwa, watu hushuka matopeni wamebeba mbegu za mkoko, zile zinazochipua zingali mtini na kuning'inia kijani kama mishumaa, wakazichomeka moja moja kwa mkono, maji yasije yakajaa kabla hawajamaliza mstari. Fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Na mivinje imepandwa nchi kavu ili mwenye haja ya kuni na miti ya kujengea asilazimike kuingia mikokoni.

Hii kwangu ndiyo hoja iliyotimia, kwamba kungoja kuna bei na bei hiyo imelipwa. Hata hivyo sitaki kuusifu mradi kupita kadiri yake. Hekta 117 ni kidogo mno katika nchi ambayo mikoko yake hukadiriwa na serikali kuwa takriban hekta 61,000, sehemu kubwa ikiwa Lamu. Mnunuzi wa mbali aweza kughairi. Na kuna kasoro ya tatu, ambayo haizungumzwi sana nami naiona kubwa kuliko hizo mbili: bomba la maji ni la kijiji kizima, wenye duka na wenye ng'ombe wote huchota, ilhali hasara ya kuuacha mti imemwangukia mkataji peke yake. Manufaa yamegawanywa kwa wote na kafara imetolewa na mmoja. Insafu ingetaka huyo mmoja awe wa kwanza kulipwa, ama kwa ujira wa kuulinda msitu anaoujua kuliko askari yeyote, ama kwa haki iliyoandikwa ya kukata korija kadhaa za boriti zilizokomaa kila mwaka, asiguse pau.

Basi kila atakayekalia kiti na kuandika marufuku mpya juu ya mikoko yetu, namsihi aandike katika karatasi ile ile mkataji atakula nini mpaka pau zitakapokuwa boriti, na fedha hizo zitatoka mfuko gani.