Kituruki na Kiarabu kwa mwanafunzi Mswahili

Kituruki na Kiarabu ni lugha mbili zisizo na nasaba moja, ingawa watu wengi huzidhania ndugu kwa kuwa wasemaji wake wengi ni Waislamu. Kiarabu ni lugha ya Kisemiti, ukoo mmoja na Kiebrania na Kiamhari. Kituruki kimo katika kundi la Kiturki, pamoja na Kiazeri, Kikazaki na Kiuzbeki. Kiarabu kina wasemaji zaidi ya milioni 300 na ni lugha rasmi katika nchi zaidi ya 20. Kituruki kina zaidi ya milioni 80, wengi wao wakiwa Uturuki kwenyewe.

Swali la ipi ni rahisi hujibiwa mara nyingi kwa makadirio ya chuo kinachofundisha wanadiplomasia wa Marekani: saa za darasani 1,100 hivi kwa Kituruki, 2,200 kwa Kiarabu. Makadirio hayo yanamhusu msemaji wa Kiingereza. Mswahili anaanzia kwingine kabisa, maana Kiarabu anakijua kwa maneno, na Kituruki, bila kujua, anakijua kwa sarufi.

Tuanze na maneno. Mtu anayesema hukumu, hakimu, mahakama na hekima ameshabeba mzizi mmoja wa Kiarabu, yaani konsonanti tatu h-k-m, pamoja na namna nne za kuufinyanga. Huo ndio mtambo mzima wa lugha hiyo: konsonanti zinabaki, irabu na viambishi vinabadilika, maana mpya inazaliwa. Anayeujua mtambo huu hukisia maneno asiyowahi kuyasikia. Sauti za th, dh, gh na kh nazo tunazo katika thamani, dhahabu, ghali na kheri. Kazi inabaki kwenye zile ambazo Kiswahili kilizilainisha, kama ayn, ha nzito na qaf. Asiyetofautisha qaf na kaf atataja kalb, mbwa, mahali pa qalb, moyo.

Lakini sarufi ya Kiarabu haina huruma. Kila nomino ni ya kike au ya kiume: jua ni la kike, mwezi ni wa kiume. Wingi hujengwa mara nyingi kwa kulivunja neno ndani kwa ndani (kitab, kutub, dars, durus), na wingi wa vitu visivyo na akili huchukua kivumishi cha kike cha umoja. Irabu fupi haziandikwi katika magazeti na vitabu vya kawaida, hivyo msomaji huhitaji kuielewa sentensi kwanza ndipo aisome kwa usahihi.

Kituruki kimejengwa kwa tabia tunazozijua. Hakina jinsia, neno moja, o, hutosha kwa mwanamume, mwanamke na kitu. Kitenzi hubeba kila kitu mgongoni. Hawatakuja ni gelmeyecekler: gel ni mzizi wa kuja, me ni ukanushi, ecek ni wakati ujao, ler ni wao, na y huziba pengo kati ya irabu. Viungo ni vilevile vyetu, ila mzizi umetangulia na vingine vinafuata. Ukisema hawatafanya utapata yapmayacaklar, kwa kuwa irabu ya viambishi huifuata ile ya mzizi. Wageni wengi huhangaika na upatanifu huu wa irabu. Mswahili anao tayari, kwani husema pikia lakini somea, katika lakini pendeka, bila kuwaza.

Kinachomtesa ni mpangilio. Kitenzi hukaa mwisho, na kishazi cha sifa hutangulia: kitabu nilichosoma huwa okuduğum kitap, yaani sifa kwanza, kitabu baadaye. Sentensi ndefu ya gazeti la İstanbul humlazimu msomaji asubiri hadi neno la mwisho ndipo ajue nani kafanya nini.

Maandishi yenyewe si tatizo. Sheria ya Novemba 1928, wakati wa utawala wa Atatürk, iliondoa herufi za Kiarabu na kuweka za Kilatini, 29, zinazosomwa jinsi zilivyo. Herufi c husomwa j, hivyo cuma ni Ijumaa na cami ni msikiti. Kuanzia 1932 shirika la lugha lilianza kuyatoa maneno ya Kiarabu na kuunda mengine: mektep, shule, likawa okul. Hata hivyo kitap, saat, dakika, haber, asker, sabun na hesap yamebaki. Tahadhari tu na misafir, ambaye kwao ni mgeni aliyekuja nyumbani. Kwa upande mwingine, Kituruki kimetuachia afande, kutoka efendi, kupitia askari wa Kisudani na Kimisri wa majeshi ya kikoloni.

Jambo linalofaa kuamua zaidi ni kwamba Kiarabu si lugha moja ya kujifunza. Fus'ha ni ya Kurani, habari na hotuba; mtaani watu husema ammiya ya kwao. Nataka ni uridu kwa fus'ha, ayiz Kairo (mwanamke atasema ayza), biddi Dameski, bghit Moroko. Aliyesoma madrasa akahitimu vizuri anaweza kuelewa taarifa ya habari na kupotea sokoni. Anayelenga dini, fasihi au historia ya pwani iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, fus'ha inamtosha. Anayekwenda kuishi Kairo au Maskati aanze mapema na lahaja ya huko. Kituruki cha darasani hutumika moja kwa moja, na wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaopata ufadhili wa serikali ya Uturuki kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa lugha kabla ya kuingia chuo kikuu.

Anayetaka kusoma nyaraka za dola ya Osmani atahitaji sarufi ya Kituruki, herufi za Kiarabu, na Kiajemi kidogo juu yake.