Mjue Mbung'o

Leo tutajifunza kumtambua mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, kisha tutasoma habari zake za zamani.

Kwanza, mtazame inzi yeyote. Nyuki ana mabawa manne, lakini inzi ana mawili tu. Mahali pa mabawa ya nyuma pana vijiti viwili vifupi vya kumsawazisha anaporuka. Kwa hiyo wataalamu humweka inzi, mbu na mbung'o katika kundi moja: wadudu wa mabawa mawili.

Je, mbung'o utamjuaje? Akitua, hulaza bawa moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Tena mdomo wake mrefu huelekea mbele. Dume na jike wote hunyonya damu. Jike hatagi mayai. Huzaa funza mmoja mmoja, naye funza hujifukia udongoni. Kuna aina 30 hivi, katika makundi matatu: wa misituni, wa kando ya mito na maziwa, na wa mbugani.

Sasa historia. Wafugaji walijua tangu zamani kwamba penye mbung'o ng'ombe hawakai. Kuanzia mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, daktari David Bruce alionyesha sababu: mbung'o hubeba vijidudu vya nagana na kuvitia katika damu ya mnyama.

Kisha yakaja makubwa. Kati ya mwaka 1900 na 1920, malale yaliua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda, hasa Busoga. Mwaka 1903 Bruce na wenzake walionyesha kuwa mletaji ni mbung'o wa kando ya ziwa. Basi serikali ya kikoloni ikawahamisha watu wa huko kwa amri. Wakaacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao.

Lakini elimu ilileta silaha nyingine. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1994, madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi yalimwagwa Unguja kutoka kwenye ndege. Majike yaliyokutana nayo yakakosa watoto. Mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena, na hakuna mtu aliyehamishwa.

Bara mbung'o wangali wapo. Ukiumwa naye kisha ukapata homa, usingoje, nenda hospitali.

Andika majibu katika daftari:
1. Mbung'o hulazaje mabawa yake?
2. Kwa nini watu wa kando ya ziwa walihamishwa?
3. Madume tasa yalisaidiaje Unguja?