Nani Anampima Anayetibu Nafsi za Watu?

Ukimtajia mtu Lusu, wilayani Nzega, atakumbuka mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, ambao sasa umefungwa. Wachache watakumbuka kuwa pande hizo za Tabora zilikuwa mapito ya misafara kati ya pwani na maziwa makuu. Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini na kulifikia Ziwa Viktoria Agosti 1858.

Shuleni tulifundishwa pembe za ndovu na watumwa. Hatukufundishwa kuwa nchi hiyo ilikuwa na utaratibu wake wa kuwaandaa watu wa kutibu nafsi.

Nazungumzia Baswezi, chama cha mizimu kilichoenea kwa Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika, aliwaandikia makala mwaka 1955. Mtu hakuingia kwa cheti. Mara nyingi alianza kwa kuugua mwenyewe, mpiga ramli akasema mizimu inamtaka. Alilipa ada, akaingizwa kwa siri, akajifunza ngoma na dawa mbele ya macho ya wakubwa wake.

Tusiwapambe. Aliyepokea ada ndiye aliyepima, na siri ilimziba mdomo aliyeumizwa. Ila jambo moja walilijua: ufundi huu huonekana mtu akiwa kazini, si akiwa anaueleza.

Wasomi walifika hapo kwa kuchelewa. Mwaka 1949, huko Boulder, Marekani, walikubaliana kuwa mwanasaikolojia wa tiba awe mtafiti na mtendaji kwa pamoja. Mwaka 2002 walikutana Arizona kujadili namna ya kupima umahiri wenyewe, na mwaka 2009 vikachapishwa vigezo vya ngazi tatu: nani yuko tayari kuanza mazoezi, nani aende mafunzo kazini, nani aachwe afanye kazi peke yake. Mwanafunzi anatazamwa akiongea na mgonjwa, au na mtu anayeigiza ugonjwa, mtindo ambao Ronald Harden wa Dundee aliueleza mwaka 1975 kwa ajili ya madaktari. Jirani zetu Kenya walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014.

Sasa njoo kwetu. Mwanafunzi wa uzamili anasoma kwa Kiingereza na tasnifu anaiandika kwa Kiingereza. Mama wa Lusu anayesema mizimu ya babaye inamkaba usiku hatasema kwa Kiingereza. Atasema kwa Kinyamwezi, au kwa Kiswahili chenye Kinyamwezi ndani yake. Akiandikwa kuwa amerukwa na akili kwa sababu msikilizaji hajui mizimu ni nini, nani amefeli hapo? Na msikilizaji akiishia kwenye mizimu, asisikie kuwa mama huyu anafikiria kujiua, je?

Kosa la aina hiyo halionekani kwenye karatasi ya mtihani. Linaonekana chumbani, kwa lugha ya mgonjwa, mbele ya msimamizi anayeielewa lugha hiyo na asiyefaidika na ada. Baswezi walikuwa na nusu ya kwanza, vyuo vinajivunia nusu ya pili.

Kabla hatujampa mtu shahada ya kutibu nafsi zetu, je, kuna aliyewahi kumsikia akimsikiliza mtu?