Baridi ya Julai: Jinsi ya Kuangusha Luku Bila Kutetemeka Stejini

Hii baridi haibembelezi mtu. Saa kumi na mbili asubuhi stejini kila msee amejikunyata, mikono mfukoni, anaomba mathree ijae haraka afunge dirisha. Juni hadi Agosti Nairobi huwa hivyo kila mwaka, na kila mwaka bado kuna watu hutoka keja na tisheti moja na viatu wazi kama wanaenda Nyali.

Kwanza jua unapigana na nini. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na miezi hii jua limehamia upande wa kaskazini. Upepo wa kusini-mashariki nao unasukuma mawingu mazito yanayokaa chini siku nzima. Usiku wa Julai nyuzijoto hushuka hadi kama 11 ama 12, halafu mchana zinapanda hadi 22 hivi. Ukiwa Limuru, Kinangop ama Nyahururu, punguza hapo kadhaa. Hiyo tofauti ya asubuhi na mchana ndiyo inamaliza watu: unavaa jaketi moja nzito, saa saba unatoa jasho, saa mbili usiku lile jasho linakupoa mgongoni.

Kwa hivyo vaa kwa matabaka. Kinachokupa joto hasa ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo na nguo, ndiyo maana vitu vitatu vyepesi hushinda kimoja kizito, na pia unaweza kuvua kimoja kimoja jua likichungulia. Ya ndani ikubane kidogo: vesti ya mikono mirefu ama poloneki. Ya katikati ndiyo ya joto, yaani sweta ya sufi, kadigani ama flisi. Ya juu kazi yake ni kuzuia upepo na manyunyu. Hudi ya pamba peke yake ni fiti kwa picha, lakini ikishanyeshewa inabeba maji na kukugandisha. Sufi hata ikilowa kidogo bado inashikilia joto.

Sasa twende Gikomba. Unajua mbona jaketi kali za baridi zimejaa mitumba? Marobota mengi hutoka nchi ambazo theluji ni kawaida, na kule watu hubadilisha makoti kama sisi tunavyobadilisha kava za simu. Ukiamka mapema siku marobota yanafunguliwa unapata kamera, zile za kwanza kabisa, na unalipia hiyo heshima. Ukienda jioni unaokota fagia. Toi pale karibu na Adams kumetulia kidogo, lakini wauzaji wake wanajua bei ya kila lebo, usijifanye mjanja sana. Ukitaka mpya, zunguka Islii.

Lebo ya ndani ndiyo rafiki yako. Tafuta neno wool, na asilimia ikiwa juu, shika hiyo kitu. Ikisema acrylic pekee si mbaya, itakupa joto, ila itaota vile vidonge vidogo haraka na baada ya miezi miwili luku imechoka. Lile jaketi limefura kama mto, wasee huliita pafa, liminye halafu uachilie. Likirudi kufura upesi, manyoya ama pamba ya ndani bado iko hai. Likibaki limebonyea, mwenye alilitupa alikuwa na sababu.

Trenchi nayo ina historia. Thomas Burberry wa Uingereza ndiye aliyevumbua kitambaa cha gabardini mwaka wa 1879, na makoti ya aina hii yakapata jina mahandakini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Yalitengenezwa kuzuia mvua na upepo, si kuleta joto. Kwa hivyo ukiona trenchi sokoni, angalia ndani: kama kuna vifungo ama zipu inayozunguka pindo la ndani, kulikuwa na bitana ya sufi ya kutoa na kurudisha. Uliza muuzaji kama bado iko. Mara nyingi imepotea, na hapo ndipo unashusha bei.

Rangi? Julai mtaa mzima huvaa nyeusi na kijivu, tao inakaa kama matanga. Jaribu maruni, haradali, kijani ya jeshi ama kahawia. Shuka ya Kimaasai ukiikunja pembetatu na kuizungusha shingoni juu ya koti jeusi, hakuna skafu ya madukani itakufikia, na ukifika ofisini ikiwa baridi inakuwa blanketi.

Kichwani ni marvin ama boshori. Masupa wenye nywele asili, sufi hunyonya mafuta na kukata nywele za pembeni, kwa hivyo mpelekee fundi akushonee satini kwa ndani. Ni kazi ndogo tu.

Miguuni, raba nyeupe zipumzike hadi Septemba. Buti ya ngozi ndiyo mpango. Ile Timberland ya manjano ilitoka 1973 ikiwa kiatu cha kazi cha kustahimili maji, kabla wasanii wa hip hop wa New York kuifanya ya mtaa. Ukinunua buti ya mitumba, kunja soli na uibonyeze kwa kucha. Soli za zamani huoza ndani kwa ndani hata kiatu kikiwa hakijavaliwa. Ikimeguka kama mkate, rudisha hata kama juu inang'aa.

Wa nduthi, kizuia upepo kiko mbele ya kila kitu. Zipu ifike kidevuni na glavu zisikose, maana vidole vikiganda breki unashika ukiwa umechelewa.

Na hapa tuongee ukweli. Nguo zikishindwa, kuna watu huingiza jiko la makaa ndani ya keja na kulala nalo. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu na usingizi mzito, na familia nzima inaweza kukosa kuamka. Usilale na jiko ndani hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Jaza maji moto kwa chupa inayofungika vizuri, ifunge na sweta kuukuu, weka miguuni. Soksi mbili na boshori kitandani si aibu, hakuna anayekupiga picha.

Shida ya mwisho ni kufua. Jinsi inaweza kukaa kambani siku tatu na bado inanuka, kwa hivyo miezi hii pendelea suruali za kitambaa chepesi. Sweta ya sufi ifue kwa maji baridi, usiikamue kwa kuipinda, ianike ikiwa imelala juu ya taulo. Maji moto yataifanya imtoshe mtoto wa nasari. Septemba jua likirudi, ifue, ianike ikauke kabisa na uifunge kwa mfuko, maana nondo hupenda sufi chafu kuliko kitu kingine chochote kabatini.