Kutambua Injini Inayokula Oili: Ufundi wa Changamwe
Changamwe, eneo la Mombasa nchini Kenya, inapakana na bandari ya Kilindini, mlango wa magari yaliyotumika kutoka Japani, na magari hayo yalipozeeka yalizipa kazi gereji za jua kali, yaani za mafundi wa sekta isiyo rasmi. Humo mwanagenzi alifundishwa kuwa moshi wa samawati, yaani wa oili inayoungua, ukitoka injini inapowashwa asubuhi huashiria sili za valvu zilizochakaa, ilhali moshi unaozidi gari linapopanda mlima huelekeza kwenye ringi, vyuma vinavyoziba nafasi kati ya pistoni na silinda. Oili kidogo ikimiminwa ndani ya silinda kupitia tundu la plagi na mgandamizo ukapanda, ringi ndizo zilizolika. Ujuzi huu, unaoepusha kufungua injini bure, unastahili kuandikwa.