PhD ya kompyuta kabla kompyuta haijawa somo

Kila ikikaribia Desemba napata barua pepe za aina moja. Mtu anataka kuomba nafasi ya PhD ya sayansi ya kompyuta ng'ambo, lakini anasita: "Nilisoma hisabati, siyo kompyuta. Halafu nina miaka 36. Si watanicheka?" Jamani, mimi ni mwandishi wa habari, sina chuo cha kumpokea mtu. Ila historia ya shahada hiyo nimeifuatilia kwa muda, na nadhani inajibu vizuri kuliko mimi.

Tuanzie Cambridge, Uingereza. Tarehe 6 Mei 1949 mashine iliyoitwa EDSAC ilifanya hesabu yake ya kwanza, katika maabara ya hisabati iliyoongozwa na Maurice Wilkes. Kijana David Wheeler, aliyemaliza shahada ya hisabati mwaka 1948, akajiunga na kundi hilo. Mwaka 1951 akapata uzamivu, na wengi humhesabu kuwa mtu wa kwanza duniani kupata PhD ya sayansi ya kompyuta.

Sasa aliombaje somo ambalo halikuwepo? Hakuomba somo. Alikwenda palipokuwa na mashine na watu wanaoielewa. Huko akabuni njia ya kuandika kipande cha programu mara moja tu, ukakiita kila unapokihitaji, kisha mashine ikarudi pale ilipokuwa imeachia. Leo kila mwandika programu anafanya hivyo bila hata kufikiri.

Marekani idara ya kwanza ya sayansi ya kompyuta ilianzishwa Purdue mwaka 1962. Na hapa ndipo anapoingia mtu ninayempenda kuliko wote katika habari hii: Sista Mary Kenneth Keller. Ndiyo, mtawa wa Kikatoliki.

Alizaliwa Cleveland, Ohio, mwaka 1913. Akaingia utawani 1932. Shahada ya kwanza ya hisabati aliipata DePaul, Chicago, mwaka 1943, na ya uzamili miaka kumi baadaye. Mambo ya kompyuta aliyafanyia kazi Dartmouth, chuo ambacho enzi hizo kilikuwa cha wanaume. Tarehe 7 Juni 1965 Chuo Kikuu cha Wisconsin kikamtunuku uzamivu. Siku hiyohiyo Irving Tang naye akatunukiwa wake kule St. Louis, kwa hiyo wawili hao ndio wa kwanza Marekani. Sista alikuwa na miaka 51! Tasnifu yake ilihusu jinsi mashine inavyoweza kukisia kanuni kutokana na mifano. Wale mnaodhani habari za akili mnemba zimeanza juzi, hiyo ni 1965.

Baadaye alianzisha idara ya kompyuta katika chuo cha Clarke, Iowa, akaiongoza miaka 20. Alifariki 1985.

Na sisi je? Mwaka huohuo wa 1965 Tanzania ilifunga kompyuta yake ya kwanza, Wizara ya Fedha. Tulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Lakini mwaka 1974, hesabu za serikali zilizowekwa kwenye kompyuta zilipokwenda mrama, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Wenzetu wa Nairobi walianzisha taasisi yao ya sayansi ya kompyuta chuo kikuu mwaka 1977. Kijana wa Dar aliyekuwa hodari wa hisabati miaka hiyo alikuwa na kichwa kama cha Wheeler, ila mashine ilikuwa imefungiwa nje. Hili huwa linaniuma.

Haya, turudi kwenye barua pepe. Vyuo vingi vya Marekani humpokea hata mwenye shahada ya kwanza tu, na ukikubaliwa mara nyingi chuo hulipa ada na kukupa posho kwa kazi ya kufundisha au utafiti. Uingereza kwa kawaida unatafuta msimamizi kwanza, na fedha unahangaika nazo kivyake. Kote wanachotafuta ni dalili kwamba unaweza kufanya utafiti. Barua ya mhadhiri wa kawaida aliyekuona ukihangaika na tatizo hadi likafunguka ina uzito kuliko barua ya mkubwa anayekujua kwa jina tu. Shahada ya hisabati si kasoro, ilimradi uoneshe kwamba programu unaandika. Ada ya maombi ikikushinda, omba usamehewe. Vyuo vingi vina utaratibu huo.

Idara nyingi za Marekani hufunga maombi katikati ya Desemba. Wadhamini watatu waandikieni leo, maana maprofesa wetu mnawajua: ukimfuata zikiwa zimebaki siku tatu, atakwambia njoo kesho.